Kilima Kimoja, Fasihi Mbili: Makerere, Mabweni Yake na Suala la Lugha

Historia ya fasihi andishi ya Afrika Mashariki, jinsi inavyosimuliwa katika idara zetu, ina tarehe yake ya kuzaliwa. Tarehe hiyo ni Juni 1962, na mahali pa kuzaliwa ni Chuo cha Makerere, Kampala, ambako waandishi Waafrika walioandika kwa Kiingereza walikutana kujadili kazi zao. Makala haya hayakusudii kuifuta tarehe hiyo. Yanakusudia kuirudisha mahali pake, yaani katika chuo chenyewe: mabweni yake, meza zake za chakula, mashindano yake na majarida yake. Hoja yetu ni kwamba lugha ya kizazi cha waandishi wa Makerere haikuamuliwa na mkutano wa siku chache. Iliamuliwa na maisha ya kila siku ya chuo kwa muda wa miaka mingi kabla ya mkutano huo. Aidha, tunadai kwamba katika miaka hiyohiyo kulikuwa na fasihi nyingine, ya Kiswahili, iliyokuwa na makao yake juu ya kilima hichohicho, na kwamba fasihi hizo mbili ziliishi kama majirani wasiobishiana hodi.

Makerere haikuanza kama chuo cha fasihi wala cha taaluma nyingine yoyote ya vitabu. Ilipofunguliwa mwaka wa 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kaulimbiu ya siku za mwanzo ilikuwa wito wa kuwa wanaume, na neno hilo lilichukuliwa kwa maana yake halisi hadi mwaka wa 1945, wanawake sita wa kwanza walipopokelewa. Hapo kaulimbiu ikabidi ibadilishwe, chuo kikaanza kujinadi kuwa kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Mhakiki anayechunguza uhusiano wa lugha na jinsia hahitaji ushahidi mwingine: sentensi moja ilitosha chuo kizima mpaka wanawake sita walipoingia mlangoni.

Kati ya tarehe hizo mbili mambo mengi yalikuwa yametukia. Tume iliyoongozwa na De La Warr mwaka wa 1937 ilipendekeza Makerere ipandishwe iwe chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki nzima, na gavana wa Uganda wa wakati huo, Philip Mitchell, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma wazo hilo. (Mitchell huyu ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Kenya tangu 1944 hadi 1952, akaondoka miezi michache tu kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari. Bweni moja la Makerere lina jina lake.) Mwaka wa 1949 chuo kiliingia katika mpango maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wa kwanza wa shahada za London wakatunukiwa mwaka wa 1953. Tangu hapo mwanafunzi aliyetoka Machakos, Moshi, Gulu au Unguja alikuwa anafanya mtihani wa London akiwa Kampala. Alisoma fasihi ya Kiingereza kwa mfuatano wa karne, akianzia washairi wa kale wa Uingereza na kushuka mpaka karne ya ishirini. Mtaala huo haukuwa na nafasi ya lugha yoyote ya Afrika, na hapana haja ya kulifanya jambo hilo kuwa siri iliyofichuliwa leo. Lilikuwa wazi, na waliolianzisha walilionea fahari.

Lakini mtaala peke yake hautoshi kuwa maelezo. Si vyuo vyote vilivyofuata mitaala ya London ambavyo wanafunzi wake waliandika kwa wingi na kwa ari waliyoandika nayo wa Makerere. Lazima tuingie mabwenini.

Bweni la Makerere halikuwa mahali pa kulala tu. Mwanafunzi alipoingia chuoni aliingizwa katika bweni fulani, na tangu siku hiyo alikuwa na nchi ya pili. Bweni lilikuwa na mlezi wake, viongozi wake wa wanafunzi, ukumbi wake wa kulia, timu zake za michezo, nyimbo zake na watani wake. Wanawake waliishi katika bweni la Mary Stuart, ambalo wanachuo waliliita Kasha, wakitumia neno la Kiingereza. Wanaume waligawanywa katika mabweni ya Northcote, Mitchell, Livingstone na University. Baadaye yakaongezeka mabweni yenye majina ya Lumumba na Nkrumah. Mwenye kuyasoma majina hayo kwa utaratibu anasoma historia ya siasa za bara hili bila kufungua kitabu: kwanza magavana na wavumbuzi, kisha mashujaa wa uhuru. Jina la Northcote lenyewe liliondolewa katika miaka ya 1990, baada ya ghasia za wakazi wake, na bweni likapewa jina la Martin Luther Nsibirwa. Nsibirwa alikuwa Katikkiro wa Buganda aliyeidhinisha sheria ya kuiwezesha serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, pamoja na ardhi ya kukipanua chuo hiki, na aliuawa kwa kupigwa risasi mbele ya kanisa kuu la Namirembe mnamo Septemba 1945. Kwa hiyo chuo kilichukua nusu karne kulipa deni hilo la jina, na hata hapo kililipa ili kutuliza fujo.

Utaratibu huu wa mabweni uliigwa kutoka vyuo vya kale vya Uingereza, ukiwa na shabaha ya kumlea mwungwana wa aina fulani: anayejua kuvaa joho, kushika kisu na uma, kujadiliana bila kupaza sauti na kushindwa bila kununa. Baadhi ya watu wamelibeza jambo hili kama mchezo wa kuigiza Uingereza katika nchi ya matoke. Dhihaka hiyo ina ukweli wake, ila inakosa kuona jinsi meza ileile ya chakula ilivyogeuzwa na wanafunzi kuwa uwanja wa siasa. Mwaka wa 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Uongozi wa chuo chini ya Bernard de Bunsen uliwafukuza baadhi yao, miongoni mwao Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress. Si bahati tu kwamba mgomo wa chakula na chama cha kwanza cha kitaifa cha Uganda vilikuwa na mtu mmoja katikati yake. Naye Mayanja tutakutana naye tena.

Kati ya asasi zote za mabweni, iliyo muhimu zaidi kwa mwanahistoria wa fasihi ni mashindano ya Kiingereza baina ya mabweni. Kila bweni lilitoa waigizaji wake, wasemaji wake na waandishi wake, na heshima ya bweni zima ilitegemea ufasaha wao kama ilivyotegemea miguu ya wachezaji wa kandanda. Ngugi wa Thiong'o aliingia Makerere mwaka wa 1959 na kuwa mkazi wa Northcote. Michezo yake mifupi ya mwanzo, The Rebels na The Wound in the Heart, aliiandika kwa ajili ya mashindano haya. Maana yake ni kwamba mwandishi ambaye baadaye angekuja kuwa mpinzani mkuu wa fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza alianza kuandika kama askari wa bweni lake katika vita vya nani anakijua Kiingereza zaidi. Wala hatusemi haya kwa kejeli. Kijana yeyote mwenye kipaji huandika pale ambapo pana watu wanaongoja kusoma au kusikia, na katika Makerere ya 1961 waliongojea walikuwa wameketi ukumbini, wakiwa tayari kushangilia kwa Kiingereza.

Kisa cha The Wound in the Heart kinaonyesha mipaka ya uwanja huo. Ngugi ameeleza katika kumbukumbu zake, Birth of a Dream Weaver (2016), kwamba mchezo huo ulishinda lakini ukanyimwa nafasi ya kuonyeshwa katika ukumbi wa taifa wa maigizo mjini Kampala, kwa sababu ulimwonyesha ofisa Mwingereza akimbaka mke wa Mwafrika aliyekuwa kizuizini, na wakubwa hawakuamini kwamba ofisa Mwingereza angeweza kutenda jambo kama hilo. Hapa ndipo tunapoona asili halisi ya uhuru uliotolewa na bweni. Mwanafunzi aliruhusiwa kuutumia ufundi wa lugha ya mkoloni hadi mwisho wa kipaji chake, na kwa ufundi huo akapewa ushindi. Kilichokataliwa ni maudhui, na kilikataliwa kwa adabu, nje ya lango la chuo. Mwezi Novemba 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Uganda, mchezo wake mwingine, The Black Hermit, ulipata nafasi katika ukumbi huohuo wa taifa.

Pamoja na mashindano hayo palikuwa na Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza lililoanza mwaka wa 1958. Hapo ndipo Jonathan Kariara, John Nagenda, Peter Nazareth na wenzao walipopata kusomwa. Hadithi ya kwanza ya Ngugi kuchapishwa humo, mwaka wa 1960, ilizaliwa kwa hila ya aina yake: alimwambia Kariara kwamba ameandika hadithi ilhali alikuwa hajaandika, na ilipombidi kuionyesha akalazimika kwenda kuiandika kweli. David Cook alikusanya sehemu ya kazi za wanafunzi hawa katika Origin East Africa (1965), na diwani hiyo ndiyo iliyotufanya sisi wa vizazi vya baadaye tuzungumze juu ya kizazi cha Makerere kana kwamba ni ukoo. Penpoint haikuwa na fedha nyingi wala wasomaji wengi. Kilichoipa nguvu ni kwamba mwandishi, mhariri, mhakiki na msomaji wake waliishi umbali wa kutembea kwa miguu, na hadithi iliyochapishwa leo ilijadiliwa jioni mezani. Tunapolalamika siku hizi kwamba majarida yetu ya idara hayazai waandishi, pengine tungejiuliza kwanza wanafunzi wetu wanakula wapi na kulala wapi.

Hebu sasa tuvuke upande wa pili wa kilima. Ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka wa 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa na makao yake Dar es Salaam hadi 1942, ikahamia Nairobi, na mwaka wa 1952 ikahamishiwa Makerere. Ilikaa huko kwa takriban miaka kumi kabla ya kupitia Mombasa na kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka wa 1964 iliingizwa katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Muongo wa Kamati huko Makerere ndio muongo uleule wa mashindano ya mabweni na wa kuzaliwa kwa Penpoint.

Na Kamati haikuwa imelala. Chini ya uhariri wa Wilfred Whiteley, mtaalamu wa isimu aliyekuwa Makerere katika miaka hiyo, jarida lake lilitoa nyongeza ambazo leo hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayeweza kuziepuka. Mwaka wa 1957 ulitolewa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Mwaka uliofuata ikaanza kutoka tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Na mwaka huohuo wa 1958, mwaka wa Penpoint, ikatoka nyongeza iliyobeba Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, ambaye mwenyewe alikuwa mjumbe wa Kamati. Tuyaweke mambo haya pamoja ili uzito wake uonekane. Mwaka ambao idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la kuwatafuta waandishi wa Afrika Mashariki, asasi nyingine yenye makao Makerere ilikuwa ikimchapisha mwandishi mkuu wa Afrika Mashariki aliyekuwa hai. Taban lo Liyong alipolalamika mwaka wa 1965 juu ya utasa wa kifasihi wa Afrika Mashariki, malalamiko yake yaliwezekana tu kwa kuhesabu vitabu vya Kiingereza peke yake. Jangwa hilo lilikuwa la ramani aliyoishika mkononi.

Kwa nini, basi, pande hizi mbili hazikukutana? Jibu jepesi ni kuwalaumu wakoloni, na jibu hilo haliko mbali na ukweli, ila halituambii jinsi jambo lilivyotendeka. Kwanza kuna Uganda yenyewe. Gavana Gowers alipotaka kukipa Kiswahili nafasi kubwa katika shule za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka wa 1929, na wengi katika Buganda waliona Kiswahili kama mlango wa kuingizwa katika shirikisho litakalotawaliwa na walowezi wa Kenya. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha Uganda kilibaki kwa askari wa jeshi na polisi na kwa wafanyakazi waliotoka mbali. Utafiti wa Carol Myers Scotton uliochapishwa mwaka wa 1972 ulionyesha kwamba katika Kampala Kiswahili kilitumika sana kazini baina ya watu wa makabila mbalimbali. Kwa maneno mengine, mwanachuo alikuwa na nafasi ya kukisikia Kiswahili kila siku ya maisha yake. Alikisikia kutoka kwa watu waliomhudumia, si kutoka kwa watu waliomtahini.

Inaweza kudaiwa kwamba wanafunzi wenyewe hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Dai hilo haliwezi kusimama kwa Wakenya, Watanganyika na Wazanzibari waliojaa katika mabweni hayo. Julius Nyerere alisomea Makerere kati ya 1943 na 1945, na ni yeye aliyekuja kuifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka wa 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Benjamin Mkapa alihitimu katika Kiingereza hapohapo mwaka wa 1962. Lugha walikuwa nayo. Kilichokosekana ni asasi ya bweni iliyoitambua kuwa ni ufasaha. Hapakuwa na kombe la utenzi. Hapakuwa na jioni ambapo Livingstone ingepambana na Mitchell kwa malumbano ya mashairi, ingawa hakuna jadi ya Afrika Mashariki inayolingana na mashindano ya mabweni kwa karibu kuliko malumbano ya washairi wa pwani. Kamati ya Kiswahili nayo haina budi kubeba sehemu yake ya lawama. Ilifanya kazi kama ofisi ya utafiti, ikikusanya miswada, ikichunguza sarufi na msamiati. Kwayo Kiswahili kilikuwa hazina ya kuhifadhiwa, na mwanafunzi wa miaka ishirini hatafuti hazina ya kuhifadhi bali jukwaa la kupandia.

Ndipo inapofika Juni 1962. Mkutano uliandaliwa na klabu ya Mbari ya Ibadan pamoja na idara ya Makerere ya masomo ya nje ya chuo, kwa msaada wa shirika la Congress for Cultural Freedom lililokuwa na makao Paris. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, J. P. Clark, Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi, na kutoka Marekani Langston Hughes. Ngugi, aliyekuwa bado mwanafunzi, alimwonyesha Achebe mswada wake. Miaka michache baadaye ilifichuliwa kwamba fedha za shirika lile zilitoka kwa CIA, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wahakiki kuuona mkutano mzima kama njama. Tunaona kwamba ufafanuzi huo unawapa majasusi sifa wasiyostahili. Mlango ambao Shaaban Robert hakupitia ulikuwa umefungwa kabla ya hundi yoyote kutoka Paris.

Ngugi mwenyewe, katika Decolonising the Mind (1986), alililaumu jina la mkutano: kwa kuwa ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza, mwanafunzi mwenye hadithi chache alistahili kualikwa ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu tele vya nathari na ushairi, hakustahili. Lawama hiyo ni ya haki, na imenukuliwa mara nyingi hata imekuwa kama kanuni ya imani. Hata hivyo ina upungufu. Inaifanya Makerere kuwa ukumbi tu uliokodishwa na wageni waliokuja na jina lao la mkutano. Kumbe jina hilo lilieleza kwa usahihi mkubwa kile ambacho chuo kilikuwa kimekuwa kwa miaka kumi: mahali ambapo kuandika na kuandika kwa Kiingereza ni kitendo kimoja. Laiti mkutano ungeitwa mkutano wa waandishi wa Afrika bila sifa nyingine, bado ni shida kuamini kwamba mtu kutoka idara ya Kiingereza angevuka kilima kwenda kuuliza ofisi ya Kamati ilikuwa ikichapisha nani. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962, akazikwa Machui, Tanga. Mwaka uliofuata, Obi Wali alipoandika katika Transition, jarida la Rajat Neogy lililochapishwa Kampala hapohapo, kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za Ulaya inaelekea kwenye ukuta, mjadala uliwaka bara zima. Kamati ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kufungasha.

Miaka iliyofuata iliyalegeza mambo kidogo. Makerere iliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka wa 1963, na Yusuf Lule akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo. Kundi la maigizo la kusafiri lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 lilichukua michezo kutoka chuoni hadi sokoni na shuleni, nchini Uganda na Kenya, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili miongoni mwazo. Lilipoacha lango la chuo nyuma yake, wasikilizaji walibadilika na lugha ikabadilika nao. Okot p'Bitek, aliyefanya kazi na idara ya masomo ya nje ya chuo, alitoa Song of Lawino mwaka wa 1966 baada ya kuitunga kwanza kwa Kiacholi. Pio Zirimu naye alibuni istilahi ya Kiingereza ya kuitaja fasihi simulizi kwa neno moja, ili isionekane kama mtoto wa kambo wa fasihi andishi.

Kuna ishara nyingine ya miaka hiyo ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 majarida ya wanafunzi na idara yalibadilisha majina karibu kwa pamoja. Nexus ya Nairobi ikawa Busara. Darlite ya Dar es Salaam ikawa Umma. Penpoint ilipokoma, jarida lililochukua nafasi yake Makerere likaitwa Dhana. Majina yote ni ya Kiswahili, na yaliyomo, kwa sehemu kubwa kabisa, ni Kiingereza. Tunaweza kuliita jambo hili unafiki, lakini tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Jalada la jarida ni kama kizingiti cha nyumba. Na wahariri hawa walikuwa wamefikia kizingiti wakijua lugha ya kubishia hodi, bila kujua bado lugha ya kuzungumzia ndani.

Walinyimwa muda wa kujifunza. Neogy na Abu Mayanja, yule wa mgomo wa chakula, walikamatwa mwaka wa 1968 na serikali ya Obote kwa sababu ya maandishi katika Transition. Makerere ikawa chuo kikuu kamili mnamo Julai 1970. Miezi sita baadaye Idi Amin akatwaa madaraka. Mwaka wa 1972 Naibu wa Chansela, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari na hakuonekana tena. Machi 1976 mwanafunzi mmoja Mkenya, mkazi wa Africa Hall, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Miezi mitatu baadaye mlezi wa bweni hilo, aliyekuwa mjamzito, aliuawa. Mnamo tarehe 3 Agosti mwaka huohuo wanajeshi waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Bweni, ambalo liliwahi kuwa nchi ya pili ya mwanafunzi, likawa mahali anapoweza kufuatwa usiku.

Katika kipindi hicho, mwaka wa 1973, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Hapana uamuzi wa lugha uliodhuriwa zaidi na mtu aliyeutoa. Lugha ambayo Makerere ilikuwa nayo kwa miaka kumi katika umbo la tenzi, wasifu na tawasifu bila kuiona, sasa iliwajia wanafunzi katika umbo la amri ya askari mlangoni. Ndiyo maana Waganda wengi wasomi wa kizazi hicho walibeba chuki ya Kiswahili ambayo sisi Wakenya huidhania kuwa majivuno. Okot, Rubadiri, Ruganda na wengine walikimbilia Nairobi, na idara zetu zilifaidika kwa msiba wa jirani. Mengi tunayoyaona kuwa ni desturi za Nairobi, hasa maigizo ya kusafiri, yalipikwa kwanza Kampala.

Yaliyofuata tuyapitie kwa haraka. Chuo kilirejea, kikafurika. Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi za polisi katika mgomo wa kupinga kupunguzwa kwa marupurupu, na tangu 1992 wanafunzi wa kujilipia waliongezeka hadi mabweni yakawa makazi ya wachache, wengi wakilala Wandegeya, Kikoni na kwingineko. Nyimbo za mabweni na utani wa Kasha na Lumumba vikaendelea. Mashindano ya Kiingereza yaliyomlea Ngugi hayakuwa tena roho ya chuo. Usiku wa Septemba 2020 jengo kuu lililofunguliwa mwaka wa 1941 liliungua, likajengwa upya na kukabidhiwa mwaka wa 2024. Katikati ya hayo chuo kilitimiza miaka 100, mwaka uleule wa 2022 ambao baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, ingawa katiba ilikuwa imekwisha kukitambua tangu marekebisho ya 2005. Ngugi alifariki Mei 2025, na katika maombolezo jina la Makerere lilitajwa tena pamoja na Juni 1962, kama kawaida.

Kwa mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, tunapendekeza mwaka wa 1958. Siti binti Saad, mwimbaji wa Fumba asiyepata kusoma shule, alikuwa amefariki mwaka wa 1950. Maisha yake yaliandikwa Tanganyika na kupita katika ofisi iliyokuwa Makerere, wakati wanawake wachache wa bweni la Mary Stuart walipokuwa wakiuona mwanzo wa Penpoint. Toleo hilo la Wasifu na matoleo ya kwanza ya Penpoint yasomwe mezani pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Tunaamini yatakuwa na mengi ya kusemezana, hasa kuhusu nani anayestahili kuandikwa maisha yake na kwa ajili ya wasikilizaji gani.